Presha ikishuka kwa anayesafishwa damu: ulizeni mizani kwanza

Joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma, kabla mvua hazijaanza, hutuletea wagonjwa wa figo wa aina mbili kwenye mashine ya kusafisha damu: aliyeshindwa na kiu akanywa bila kipimo, na aliyejibana mno asinywe au kuharisha, akafika presha iko chini hata kabla ya kuchomwa sindano. Kumtofautisha huyu na yule kunaanzia nyumbani.

Hatua ya 1. Jipime uzito kila asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai, kwa mizani ileile. Kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni kama lita moja ya maji. Mwili haunenepi kwa usiku mmoja.

Hatua ya 2. Pima presha kwenye mkono usio na fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine). Kaa umetulia dakika 5, pima, kisha simama na upime tena baada ya dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda maji yamepungua mishipani. Lakini mwenye kisukari anaweza kushuka hivyo kwa sababu ya neva tu, kwa hiyo usihukumu kwa namba moja.

Hatua ya 3. Soma vipimo vyote viwili pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea.

Presha chini, na uzito chini ya uzito wako mkavu (ule wa kutoka mashineni bila maji ya ziada): umekaukiwa. Pigia simu kitengo chako upewe kiasi cha kunywa. Usijitibu kwa ORS, madafu wala juisi ya ubuyu. Vyote vina potasiamu, na potasiamu ikizidi huweza kusimamisha moyo.

Presha chini huku uzito umepanda: usiongeze maji, nenda hospitali. Huenda ni moyo au maambukizi.

Presha juu na uzito juu: ni maji, na nyuma ya maji kuna chumvi. Mlenda wetu nao hupikwa kwa magadi, na magadi ni sodiamu vilevile.

Kuna hali nyingine inayojificha. Baada ya mavuno mtu anakula vizuri, ananenepa kweli, lakini uzito mkavu kwenye faili ni wa zamani. Ile nyama mpya inahesabiwa kana kwamba ni maji, mashine inavuta maji ambayo mwili unayahitaji, na kila zamu ya mashine anamaliza na kizunguzungu na misuli kukaza. Ukiona nguo zinabana na hamu ya kula imerudi, omba daktari aupange upya. Aliyekonda kwa ugonjwa, kinyume chake: maji yanabaki mwilini na presha haishuki.

Hatua ya 4. Siku ya mashine, sema yote kabla ya kuunganishwa: kuhara, kutapika, dawa ya presha uliyomeza asubuhi. Maji yaliyoko nje ya mishipa huingia kwenye damu polepole. Yakivutwa haraka kuliko yanavyoingia, presha inaanguka. Kikomo cha kuvuta maji kinachotumika sana ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60, kwa saa 4, ni lita 3.1 tu. Ukianza kupiga miayo mfululizo, kichefuchefu au jasho la baridi, mwite muuguzi papo hapo, usijikaze.

Hatua ya 5. Ukifika nyumbani, gusa fistula. Presha ikishuka sana damu huweza kuganda humo. Usipousikia ule mtetemo wa damu inayopita, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usingoje zamu yako.