Kubadili oili ya gia ya CVT bila kuiua

Gari la CVT, yaani lenye gia ya otomatiki isiyo na hatua, likiingia garaji, kabla sijainua boneti nauliza: mara ya mwisho liliwekwa oili gani? Nikijibiwa "ya otomatiki tu", najua kazi ipo.

Humo ndani hamna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna puli mbili zilizounganishwa na mkanda wa chuma, moja inazungushwa na injini, nyingine inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana: zikibanana mkanda unapanda ukingoni, zikiachana unazama katikati. Unapoondoka, koni za injini zimeachana na za magurudumu zimebanana, kwa hiyo gari linapata nguvu. Mwendo ukiongezeka hali inageuka polepole, ndiyo maana husikii gia ikibadilika.

DAF ya Uholanzi ilipotoa gari lake la aina hii mwaka 1958, mkanda ulikuwa wa mpira, mkavu. Siku hizi mwingi ni vipande vya chuma mamia kadhaa vinavyosukumana, vimelowa oili. Chuma juu ya chuma, ndani ya oili, na bado usiteleze! Oili hiyo ina kazi yake maalumu. ATF, oili ya kawaida ya gia za otomatiki, haishiki hivyo. Mkanda ukiteleza unakwaruza koni, na hapo umeingia gharama ya gia nzima.

1. Soma kitabu cha gari, nunua oili iliyotajwa humo. "Inafanana" haitoshi.

2. Liweke gari sawasawa juu ya stendi nne, gia kwenye P.

3. Fungua nati ya kujazia kwanza. Niliwahi kumwaga oili yote, ndipo nati ya juu ikagoma. Gari likalala pale siku mbili.

4. Fungua ya chini, kinga oili kwenye chombo chenye vipimo. Gia nyingine zina kimrija ndani ya tundu hilo, kitoe pia. Haitatoka yote, nyingine hubaki kwenye toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na gia kwa oili.

5. Teremsha sampu, yaani bakuli la oili chini ya gia, tazama sumaku iliyomo. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa, simama hapo: oili mpya haitaiponya. Kama ni tope tu, safisha, weka gaskiti mpya, rudisha sampu, kimrija na nati ya chini.

6. Jaza kiasi kilekile kilichotoka. Washa, kanyaga breki, pitisha P, R, N, D, sekunde chache kila moja, kisha rudisha P.

7. Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi hukosea. Oili hutanuka ikipata joto, kwa hiyo isome kwa mashine ya kompyuta ya gari hadi ifike joto lililoandikwa kitabuni. Kwa gia isiyo na kijiti cha kupimia, fungua nati ya kipimo injini ikiwaka: mchirizi ukigeuka matone, funga. Ikizidi hutoa povu, na povu halina nguvu ya kubana koni.

8. Liendeshe. Ukikanyaga, injini ikapiga kelele lakini mwendo hauji, mkanda unateleza. Lirudishe garaji taratibu.