Kumchagua Msomaji wa Hoja Yako Dhidi ya Upekuzi wa Polisi kwa Misingi ya Rangi

Kabla ya kuandika kupinga tabia ya polisi wa Marekani kumshuku mtu kwa sababu ya rangi yake, amua ni nani unayetaka abadili msimamo, kwa kuwa anayekubaliana nawe hahitaji kushawishiwa, na mwenye chuki iliyokomaa hatakusoma hadi mwisho. Msomaji anayefaa zaidi, kwa maoni yangu, ni raia mwema anayeamini kwamba asiye na hatia hapotezi chochote akisimamishwa na kupekuliwa na polisi.

Huyo mwandikie kwa kuanzia na jambo analolithamini, yaani usalama. Mwaka 2011, polisi wa jiji la New York waliwasimamisha watu zaidi ya mara 685,000, wengi wao wakiwa Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), na takriban mara tisa katika kila kumi hakuna aliyekamatwa wala kuandikiwa kosa. Kisha mwonyeshe kijana mmoja aliyeegemezwa ukutani, mikono juu, vitabu vyake vimetawanyika chini, huku majirani wakimtazama. Hapo ndipo maneno "hapotezi chochote" yanapoanza kumkera yeye mwenyewe.

Ukimwandikia diwani, anza na hukumu ya mwaka 2013, ambapo jaji wa shirikisho alitamka kwamba utaratibu huo wa polisi wa New York wa kusimamisha na kupekua watu, jinsi ulivyotekelezwa, ulikiuka Katiba, kisha umwombe hatua moja anayoweza kuipigia kura. Polisi naye (msomaji mgumu, lakini usimdharau) mwandikie kuhusu mashahidi wanaomfungia mlango anapohitaji msaada wao.