Kusajili Shirika la Hisani Tanzania Bara

Kabla ya kumwendea Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ambaye kazi yake inaongozwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, waanzilishi wakae na kuandika katiba inayotaja malengo, uongozi, mapato na namna mali itakavyogawanywa shirika likivunjwa. Kipengele hicho cha mwisho hurukwa mara nyingi, nacho ndicho chanzo cha ugomvi. Muhtasari wa kikao ubebe majina kamili na sahihi za waanzilishi wote. Ambatanisheni wasifu na picha za viongozi, anwani na ada, kisha chagueni ngazi: wilaya, mkoa au taifa. Naamini kuanzia wilayani ni busara. Mkishasajiliwa, taarifa ya mwaka ni lazima.