Tope la mfereji: amua litakapolala kabla ya kuchimba

Msaragambo (kazi ya pamoja) wa kuzibua mfereji wa umwagiliaji huku bonde la Luiche, Kigoma, hupangwa vizuri: nani aje na beleshi, nani na toroli, nani abaki na sufuria ya uji. Tope litakwenda wapi, hakuna anayeuliza. Basi linaishia pale pale mdomoni mwa mfereji.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Septemba moja niliwasimamia wakulima tukapanga tope kandokando ya mfereji, likakaa kama tuta zuri, nikalisifia. Novemba mvua mbili tu zilitosha kulirudisha ndani. Meta moja ya ujazo ya tope bichi inaweza kuzidi tani moja na nusu, na uzito huo ulikuwa umeshaanza kuupasua ukingo. Upande wa pili, lile tuta lilizuia maji ya mvua yasitoke majarubani (vipande vya shamba la mpunga), mpunga ukazama.

Kwa hiyo anza na hesabu. Mfereji wa upana wa mita 1, ukitoa tope la sentimita 30 kwa urefu wa mita 100, unapata meta za ujazo 30. Kwa toroli ya lita 60 hiyo ni safari 500. Ukilitandaza kwa unene wa sentimita 5 unahitaji mita za mraba 600, karibu sehemu ya saba ya ekari. Kama eneo hilo hamna, msianze kuchimba.

Kisha lishike. Chukua donge lenye unyevu, liviringe kama kijinyoka, ulikunje pete. Likikunjika bila kukatika ni mfinyanzi, linafaa kutandazwa jarubani lakini kwa tabaka jembamba, kisha lichanganywe kwa jembe. Likimomonyoka ni mchanga. Peleka kwenye njia ya shamba au mashimo ya barabara, usiumwage jarubani, maana maji yatapotea chini. Tope jeusi linalonuka kama yai viza usiliwahishe shambani. Likikauka linaweza kuwa na uchachu unaounguza mizizi, kwa hiyo litenge mpaka udongo wake upimwe.

Mkilazimika kuacha tope kando ya mfereji, lisogezeni hatua tatu nne kutoka kwenye ukingo, lisambazwe chini chini, na muache mapengo pale maji ya mvua yanapopita siku zote. Hayo mapengo ndiyo watu husahau, kwa sababu tuta lisilokatika linapendeza macho.

Kuna mahali pasipofaa kabisa. Shina la mchikichi ukilifukia kwa tope, mizizi inakosa hewa, nawe unangoja mawese ambayo hayaji. Kisima cha kunywa na njia ya maji yake, hapana. Kinamasi nacho si shimo la taka: ndiko samaki wanakozaliana na maji ya kiangazi yanakotunzwa. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, kwa Kigoma na Tabora, imo kwenye orodha ya Ramsar, ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, tangu mwaka 2000. Karibu na chemchemi za chumvi za Uvinza, tazama kwanza kama tope linaacha ukoko mweupe likikauka. Hilo halifai shamba. Na kama juu ya mto watu wanaosha dhahabu kwa zebaki, kama ilivyo katika baadhi ya maeneo ya Nzega, tope lisiguse shamba la chakula kabla halijapimwa maabara.

Yote hayo ni ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Mto wenyewe usiuchimbe bila kwenda kwanza Ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, inayosimamia maji ya mito, Kigoma mjini. Wa upande wa Wembere wana ofisi yao ya bonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuudhuru.

Tope likiwa limekwenda shamba la jirani, mkubaliane kwa maandishi mbele ya kamati, na mtaje unene. Baada ya wiki mbili rudini mkaangalie: ndago husafiri na tope, na huchipua kabla ya mpunga. Zing'oeni pamoja na viazi vyake vidogo vya chini. Mkizikata juu tu zitarudi zikiwa nyingi zaidi.