Jinsi ya Kutengeneza Sahani ya Secchi na Kupima Maji ya Ziwa Duluti

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Arusha. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari, lakini kila mwaka nawapeleka Ziwa Duluti, pale Tengeru, wakafanye kazi ileile inayofanywa na meli za utafiti. Tunatumia sahani ya Secchi, kifaa cha kupimia uwazi wa maji. Angelo Secchi, padri na mtaalamu wa elimu ya nyota, alishusha sahani nyeupe kutoka kwenye meli ya Papa mwaka 1865, katika Bahari ya Mediterania, ajue jicho linaona hadi kina gani. Hadi leo watafiti wa bahari wanaitumia.

Hatua ya 1: Sahani
Chukua mfuniko wa ndoo ya plastiki ya lita 20. Chora duara la kipenyo cha sentimita 20, likate, ligawe robo nne. Paka robo mbili nyeupe na mbili nyeusi, kwa kupishana. Baharini hutumika nyeupe tupu, tena kubwa zaidi; hii ya robo ni ya maziwani. Epuka rangi inayong'aa.

Hatua ya 2: Uzito
Toboa katikati, pitisha boliti yenye kitanzi juu, na kwa chini kaza nati na washa nzito. Ijaribu kwenye pipa la maji. Ikizama kiubavu, uzito hautoshi.

Hatua ya 3: Kamba
Hapa usiwe na haraka. Mwaka wa kwanza nilinunua kamba laini ya bei rahisi, tukaiwekea alama ikiwa kavu. Ilipolowa ikavutika. Tuliporudi darasani na kuipima upya kwa rula, kila alama ilikuwa imehama, ikabidi tufute jedwali zima. Iliniuma, maana watoto walikuwa wameshinda juani.

Sasa naloweka kamba usiku kucha, naining'iniza na sahani yake, ndipo naweka alama kila sentimita 10: uzi mweusi, na mwekundu kwenye kila mita. Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, iliyosafiri kuanzia 1872 hadi 1876, ilipima kina cha bahari kwa kamba vilevile. Machi 1875, magharibi mwa Pasifiki, kamba yao ilishuka mita 8,184 kabla ya kugusa sakafu. Nikiwaambia wanafunzi waizidishe kamba yetu ya mita 10 hadi ifike huko, darasa hunyamaza.

Hatua ya 4: Majini
Lipa kiingilio, kodi mtumbwi, kila mtu avae laifu jaketi. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Vua miwani ya jua. Shusha sahani upande wa kivuli cha mtumbwi, taratibu. Weupe utageuka kijani, kisha utafifia kama sarafu iliyodondoka kisimani. Ikipotea kabisa, shika kamba usawa wa maji, soma. Ivute hadi ionekane tena, soma. Ikipotea mita 1.4 na kuonekana mita 1.2, andika 1.3. Wapime wawili, kila mmoja kivyake, bila kuambiana.

Hatua ya 5: Kituo na daftari
Challenger ilisimama vituo 362, na kazi kubwa ilikuwa kurudia vipimo vilevile kila kituo: kina, joto, matope ya sakafuni, viumbe. Kwa uvumilivu huo walipata zaidi ya spishi 4,000 zisizojulikana, na ripoti zao zikajaza majuzuu 50. Kwa hiyo chagueni kituo chenu mkishike. Sisi tunauweka mti mmoja mkubwa kwenye mstari mmoja na paa la nyumba lililo nyuma yake, kama wavuvi wanavyotafuta mwamba wao, kisha tunafanya hivyo upande wa pili wa ziwa. Mistari miwili inapokutana ndipo tunaposimama.

Andika tarehe, saa, mawingu, upepo, rangi ya maji, vipimo vyote viwili na jina la aliyepima. Tumia penseli, wino huyeyuka. Rudini baada ya masika na sahani ileile, kamba ileile, mti uleule.