Chatiboti ya Kuundiwa au Akili Unde Iliyomo Kwenye Programu: Namna ya Kuamua Ofisini

Fundi mmoja wa mapaa aliliandikia duka la vifaa vya ujenzi lililoko Industrial Area kupitia WhatsApp, akaulizia mabati ya geji 30 yenye urefu wa mita 3, akapewa bei, kisha akaanza kubembeleza: "Nachukua arobaini. Si mnipunguzie mbao kwa kila bati?" Chatiboti, yaani programu inayojibu jumbe yenyewe, tuliyokuwa tumeiunganisha wiki hiyo hiyo ilimjibu kwa adabu kubwa kwamba mbao zipo, za saiprasi na za mkaratusi, ikamwomba ataje urefu anaoutaka. Mteja alikuwa ameomba kupunguziwa shilingi 20. Karani wa kaunta alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akanigeukia na kusema, "Huyu mtoto wenu hajazaliwa Nairobi."

Swali ambalo wenye ofisi huniuliza mara nyingi ni kama wajengewe chatiboti yao wenyewe au watumie akili unde iliyokuja ndani ya programu ambazo tayari wanazilipia. Wengi huliuliza kana kwamba ni suala la chombo kipi kina akili zaidi, ilhali mara nyingi chini ya vyote viwili kuna mitambo ya lugha, yaani programu zinazotunga maneno, inayofanana. Ninachokitazama mimi kwanza ni swali linatoka kwa nani na jibu lake linakaa wapi. Akili unde iliyomo kwenye programu, kwa mfano Copilot ndani ya Word na Outlook au Gemini ndani ya Gmail, hufanya kazi kando ya mtu aliyeketi mezani, naye husoma rasimu kabla haijatoka. Chatiboti ya kuundiwa husimama mlangoni peke yake na kusema na mgeni, na neno likishatoka hakuna wa kulizuia. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua gharama, hatari na kiasi cha maandalizi.

Anza na daftari

Kabla ya kumwita mtu yeyote wa mitambo, chukua daftari la kawaida na kwa siku tatu za kazi uandike kila jambo linalojirudia ofisini: nani aliuliza, aliuliza nini kwa maneno yake mwenyewe, na aliyejibu alilitoa wapi jibu. Usimpe meneja kazi hii, kwa sababu meneja ataandika kile anachodhani kinatendeka. Mpe anayeshika simu. Maneno ya mteja yaandikwe jinsi yalivyokuja, pamoja na Sheng na makosa ya tahajia, maana ndiyo yatakayokuwa mtihani wa chatiboti baadaye ikiwa utaihitaji.

Daftari la duka lile lilituonyesha jambo ambalo hakuna muuzaji wa mifumo angependa tulione: sehemu kubwa ya maswali haikuhitaji akili unde hata kidogo. Mnafungua saa ngapi, mko upande gani wa Enterprise Road, nambari ya Lipa na M-Pesa ni ipi. Haya yanajibika kwa majibu ya haraka yaliyomo katika programu ya WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 2018. Yaandike mara moja, karani ayatume kwa kugusa, na tayari umepunguza mzigo bila kulipa senti.

Kundi la pili lilikuwa la "nimetuma, mmeona?", na hapa naomba nikawie kidogo. Ujumbe wa M-Pesa ambao mteja ameunakili na kuubandika kwenye mazungumzo ni maneno tu. Mtu yeyote anaweza kuyaandika kwa kidole chake, na wenye maduka wa mji huu wanaujua mchezo huo tangu zamani. Chatiboti inayosoma maneno hayo na kumjibu mteja kwamba malipo yamepokelewa ni njia ya kutoa bidhaa bure. Uthibitisho wa malipo ufanywe kwa kuunganisha mfumo wako wa mauzo na Daraja, huduma ya Safaricom inayoziwezesha programu za biashara kupokea taarifa za malipo moja kwa moja kutoka M-Pesa, na kulinganisha kiasi na nambari ya muamala. Hiyo ni kazi ya hesabu na kanuni, ambayo ama ni ndiyo ama ni la, na mtambo wa lugha hauna sababu ya kuigusa.

Kazi za mtu aliyeketi mezani

Kilichobaki katika daftari utakigawa. Kazi ambazo mfanyakazi wako ndiye anayezianza na kuzimaliza, kama vile kuandika barua ya kumkumbusha mteja deni, kufupisha zabuni ya kurasa nyingi, kutengeneza kumbukumbu za mkutano au kupanga safu za Excel, ziache kwa akili unde iliyomo kwenye programu. Sioni haja ya kumwundia mhasibu chatiboti ya kuandika barua pepe.

Hatua ya kwanza hapa ni kuangalia kama tayari unacho chombo hicho. Mnamo Januari 2025 Google iliiingiza Gemini katika vifurushi vya Workspace vya biashara na kuongeza bei ya vifurushi hivyo, kwa hiyo kuna ofisi zinazoilipia bila kujua. Microsoft ilipoanza kuyauzia mashirika makubwa Copilot yake ya Microsoft 365 tarehe 1 Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, juu ya leseni ya kawaida. Ukiipiga hesabu hiyo kwa wafanyakazi 12, unapata dola 4,320 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni kwa kiwango cha takriban shilingi 130 kwa dola. Bei hubadilika, nawe uulize ya sasa, lakini namna ya kununua haibadiliki: nunua leseni mbili, uwape watu wawili wanaoandika zaidi, na mwisho wa mwezi uwaulize wakuonyeshe kazi walizofanya badala ya kuuliza kama wameipenda.

Kabla hujawasha, pitia ruhusa za mafaili. Chombo cha namna hii huona kila kitu ambacho mtumiaji wake ana ruhusa ya kukiona, na ofisi nyingi ndogo zimeweka mafaili yote katika folda moja iliyo wazi kwa kila mtu. Zamani faili la mishahara lilisitirika kwa sababu hakuna aliyejua limewekwa wapi. Sasa mfanyakazi akiuliza tu nani anapokea kiasi gani, jibu linaweza kuja na jina la faili likiambatanishwa. Tenga folda za mishahara, nidhamu na mikataba kwanza, kisha ujaribu kwa kuingia na akaunti ya mfanyakazi wa ngazi ya chini na kuuliza maswali ya kichokozi.

Kwa upande wa hesabu, mwombe msaidizi huyo akuandikie fomula badala ya kukupa jumla, kwa kuwa fomula unaweza kuikagua seli kwa seli, ilhali jumla iliyoandikwa kwa maneno yenye kujiamini inaweza kuwa imekosewa na usijue. Nazo kumbukumbu za mikutano zinahitaji mtu wa kuzisoma siku hiyo hiyo. Mikutano yetu huanza kwa Kiingereza, hugombana kwa Kiswahili na hufikia uamuzi kwa Sheng, na mitambo ya kunakili sauti hupotea pale pale penye uamuzi.

Kazi za mlangoni

Chatiboti ya kuundiwa inastahili pale ambapo watu wengi wa nje wanauliza maswali yanayofanana, kwa maneno tofauti, na majibu yote yanatoka katika chanzo kimoja kinachojulikana. Ikiwa majibu yanakaa kichwani mwa mzee mwenye duka, bado hujawa tayari, hata kama una fedha.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni imani kwamba chatiboti "itafundishwa" biashara yako na kuijua. Kwa kawaida haifundishwi kitu. Nyaraka zako hukatwa vipande, swali likija mfumo hutafuta vipande vinavyolikaribia, kisha huukabidhi mtambo wa lugha vipande hivyo pamoja na swali na kuuamuru ujibu kwa kuvitegemea. Ni kama kibarua mpya aliyepewa karatasi na kuambiwa asome kutoka hapo. Akipewa karatasi ya zamani, atasoma ya zamani kwa sauti ile ile ya uhakika. Katika duka lile kulikuwa na faili mbili za PDF za bei, ya Februari na ya Juni, zote zikiwa na jina linalofanana isipokuwa herufi moja, na siku mbili nzima wateja walitajiwa bei ya Februari. Mwenye duka aliilaumu chatiboti. Mimi nilijilaumu, kwa kuwa nilizipakia zote mbili bila kuzifungua.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga, tengeneza lahajedwali moja tu (jedwali kama la Excel) ya bei na akiba ya bidhaa, futa nakala nyingine zote, na umteue mtu mmoja kwa jina mwenye wajibu wa kuisasisha kila siku kabla ya saa fulani. Kazi hii haina mvuto na hakuna atakayeipigia makofi, lakini ndiyo inayomeza muda mwingi kuliko kuunganisha programu yenyewe. Chombo cha kujengea hakikosekani: OpenAI iliwawezesha watumiaji kuunda matoleo yao ya ChatGPT mnamo Novemba 2023, Microsoft ina Copilot Studio, na kwa mwenye waandaaji programu wake ipo Rasa, ambayo toleo lake la msimbo huria linaweza kuendeshwa kwenye seva yako mwenyewe.

Ukitaka chatiboti hiyo ijibu kwenye WhatsApp, fahamu kwamba programu ya kawaida ya WhatsApp Business haitoshi. Utahitaji jukwaa la WhatsApp la kuunganishia mifumo. Jukwaa hilo huhesabu saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja. Ndani ya muda huo unaweza kumjibu kwa maneno yoyote, na ukipita ni lazima utumie ujumbe wa kiolezo, yaani ulioandikwa mapema na kuidhinishwa, ambao kwa kawaida hulipiwa. Anayekuuzia mfumo akikupa bei bila kutaja violezo, mwulize. Mwulize pia gharama ya mtambo wa lugha kwa Kiswahili, kwa sababu mitambo hii hulipiwa kwa vipande vya maneno, na neno la Kiswahili lenye viambishi vingi kama "tutakaowapelekea" hukatwa vipande vingi kuliko neno la kawaida la Kiingereza.

Halafu lete lile daftari. Chagua jumbe halisi zipatazo 50, ikiwemo zile za hasira na zile zisizoeleweka, uzipitishe kwenye chatiboti moja baada ya nyingine huku karani ameketi kando akihukumu kila jibu. Usiwaachie waliojenga mfumo wajitahini wenyewe. Wao huuliza maswali kama watu waliosoma mwongozo. Weka pia uzio ulioandikwa waziwazi: chatiboti isipatane bei, isiahidi siku ya kuwasilisha mzigo, na isipopata jibu katika lahajedwali iseme hivyo na kumkabidhi mteja kwa mtu mwenye jina, ndani ya saa za kazi.

Anayebeba lawama

Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu kudai mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia kwamba chatiboti yake ilikuwa chombo kinachojitegemea na kinachowajibikia maneno yake yenyewe, baada ya kumpa abiria maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba. Mnamo Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo na kuliamuru shirika limlipe abiria zaidi ya dola 800 za Kanada. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini sioni hakimu wa Milimani akivutiwa na utetezi wa aina hiyo.

Kilicho karibu nasi zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Jina, nambari ya simu na mahali nyumba inapojengwa ni data ya kibinafsi, na zikipitia seva zilizo nje ya nchi unatakiwa uwe na kinga zinazokubalika kisheria. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Sheria hiyo pia humpa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Mwenye duka alikuwa ametamani chatiboti iamue nani apewe bidhaa kwa mkopo. Nilimkatalia, na uamuzi huo ukabaki kwenye meza ya mhasibu, ambaye hutumia akili unde iliyomo kwenye Excel kumwandikia fomula ya kuyapanga madeni kwa umri, kisha akaamua mwenyewe.

Leo chatiboti ya duka lile hujibu mambo mawili tu, bei na akiba, kutoka katika lahajedwali moja ambayo karani huisasisha kabla ya saa mbili asubuhi. Katika maagizo yake tumeongeza orodha fupi aliyoiandika karani kwa mkono: mbao, finje, soo, thao, na mbele ya kila neno kiasi chake, pamoja na agizo kwamba neno lolote kati ya hayo likija na "punguza", mazungumzo yahamishiwe kaunta. Yule fundi wa mapaa alirudi baada ya majuma mawili akitaka mabati mengine, akaomba mbao yake tena, na safari hii ujumbe ulimfikia karani moja kwa moja. Akampa ashu, yaani shilingi kumi.