Somo: Kutafuta Shamba la Bei Nafuu Marekani kwa Kufuata Nyayo za Waamishi

Kwa miaka sita nimekuwa dereva wa Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani ya kilimo na gari la farasi, wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Kanuni za kanisa lao, wanazoziita Ordnung, haziwaruhusu kumiliki gari, lakini zinawaruhusu kupanda la mtu mwingine kwa malipo, na safari ninazozipenda kuliko zote ni zile za kwenda kutazama mashamba. Mzee na wanawe huingia garini kabla ya alfajiri, tukaelekea jimbo la New York, na huko mimi husimama pembeni nikiwaangalia wanavyoikagua ardhi. Somo hili limetokana na safari hizo. Naliandika kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Kongo na kupewa makazi hapa Lancaster, ambao wengi wao walikuwa wakulima kabla ya vita kuwaondoa makwao, na ambao huniuliza kama mtu anayelipwa kwa saa kiwandani anaweza kupata shamba lake mwenyewe. Anaweza, ila si hapa Lancaster.

Hatua ya kwanza: fahamu kwa nini wao wenyewe wanahama

Familia ya Kiamishi huwa na watoto sita au saba, na idadi ya watu wao huongezeka maradufu katika kila miaka 20 hivi, ilhali ardhi ya Lancaster haijaongezeka. Shamba zuri hapa huuzwa mara nyingi kwa zaidi ya dola 20,000 kwa ekari moja, ndiyo maana Waamishi wengi wa hapa leo ni maseremala, wajenzi na wenye maduka. Wanaotaka kubaki na jembe huhamia bonde la mto Mohawk na kaunti ya St. Lawrence huko New York, au Wisconsin, au Kentucky. Sehemu nyingi za New York wanakohamia zilikuwa za wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walioacha kazi hiyo, na mashamba yao yakabaki yakitafuta wanunuzi. Anza kutafuta huko.

Hatua ya pili: tafuta watu kabla ya kutafuta ekari

Hatua hii isome polepole, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi wetu. Mwamishi hahamii mahali peke yake. Kanisa lao ni familia 20 hadi 40 zinazosali katika nyumba zao kwa zamu, kila Jumapili ya pili, na kwa kuwa wanakwenda kwa gari la farasi, nyumba hizo hazina budi kuwa karibu karibu. Ghala la mmoja likiungua, majirani hulisimamisha upya. Mgonjwa akidaiwa na hospitali, kanisa humchangia. Tangu 1965 sheria imewasamehe wale waliojiajiri kuchangia hifadhi ya jamii ya serikali, kwa sababu wanatunzana wenyewe. Ardhi ya mbali inawafaa kwa sababu wameifuata pamoja. Mtu wetu akinunua ekari kumi peke yake, mbali na jamaa, na theluji ya Januari ikafunga barabara huku mtoto ana homa, unafuu wa bei hautamsaidia lolote. Kwa hiyo kaeni familia tatu au nne, mkubaliane juu ya kaunti moja, kisha ndipo muanze kutazama matangazo.

Hatua ya tatu: kagua kwa macho na mikono

Wazee ninaowaendesha huanza na maji. Huuliza kisima kina urefu gani, hufungulia bomba kwa muda mrefu waone kama maji yatapungua, kisha hutafuta chemchemi. Wewe ongeza kipimo cha maabara cha bakteria na naitreti, kemikali inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na samadi. Halafu huchimba udongo sehemu kadhaa na kuufinyanga kiganjani. Nawe unaweza kutazama bure mtandaoni ramani za udongo za Wizara ya Kilimo ya Marekani kabla hata ya kufunga safari. Kama hapana nyumba, hakikisha udongo umepimwa unavyonyonya maji, kwa maana usiponyonya vizuri kaunti inaweza kukukatalia mfumo wa kawaida wa maji taka, na ule mbadala ni ghali. Nenda pia baada ya mvua kubwa, ukaone maji yanatuama wapi.

Hatua ya nne: karatasi

Mwaka wangu wa kwanza nilikaribia kulipia ekari saba nzuri sana zilizozungukwa na mashamba ya wengine pande zote, bila haki ya kupita iliyoandikwa popote. Muuzaji aliniambia kwamba majirani hawajawahi kumzuia mtu. Mzee mmoja wa Kiamishi ndiye aliyeniuliza kwa upole, "Na jirani akifa, mwanawe atasema nini?" Tangu hapo nasisitiza kwamba historia ya umiliki ichunguzwe, bima ya hati inunuliwe, ile inayokulinda mtu mwingine akidai ardhi hiyo, na mipaka ithibitishwe na mpimaji. Katika Pennsylvania na Ohio uliza pia nani anamiliki gesi na madini yaliyo chini, kwa sababu mara nyingi haki hizo ziliuzwa zamani peke yake, na mwenye nazo anaweza kuwa na haki ya kuingia shambani kwako. Na kama shamba la Pennsylvania liko katika mpango wa Clean and Green, unaopunguza kodi ya ardhi ya kilimo, ukibadilisha matumizi unaweza kudaiwa tofauti ya kodi ya hadi miaka saba pamoja na riba.

Hatua ya tano: fedha

Kwa nyumba ya kuishi kijijini, Wizara ya Kilimo ina mkopo wa moja kwa moja kwa watu wa kipato cha chini usiodai malipo ya awali, na hulipwa kwa miaka 33 au hata 38. Kwa anayeanza kilimo, wakala wake wa mashamba hutoa mikopo midogo ya hadi dola 50,000. Ukienda mnadani, ambako Waamishi hununua na kuuza sana, uwe umekwisha kukagua kila kitu, kwa sababu nyundo ikigonga unalipa amana siku hiyo hiyo na mali unaichukua jinsi ilivyo.

Maswali ya wasomaji

Mama mmoja wa Lancaster: Shikamoo mwalimu. Nimeona nyumba ya Mwamishi inauzwa bei ya chini, lakini haina umeme. Niichukue?

Marahaba, mama. Nyumba zao huwa imara, lakini kwanza uliza kampuni ya umeme gharama ya kuleta nguzo kutoka barabarani, kisha fundi akupe bei ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Muulize pia mkopeshaji mapema, kwa kuwa wengine hukataa nyumba isiyo na umeme. Jumlisha yote ndipo uiite nafuu.

Ndugu wa Musoma: Je, hawa ni sawa na Wakristo wetu wa Kimennonite wa mkoa wa Mara, Tanzania?

Ni ndugu wa ukoo mmoja, ndugu yangu. Wote ni watoto wa Waanabatisti, Wakristo wa Ulaya waliobatiza watu wazima tu. Jakob Ammann na wafuasi wake walijitenga mwaka 1693 huko Uswisi na Alsace, wakitaka nidhamu kali zaidi. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, huko Mara, mwaka 1934 walitumwa kutoka hapa hapa Lancaster, na vijijini humu bado utakutana na wazee wanaoitaja Shirati kwa mapenzi.

Dada wa Columbus, Ohio: Muuzaji anataka nimlipe kidogo kidogo kila mwezi, na hati atanipa nikimaliza. Ni salama?

Dada, Waamishi hukopeshana hivyo, lakini wao kwa wao. Kwa mgeni ni hatari, kwani hati ikiwa bado kwa jina la muuzaji, ukichelewa miezi michache unaweza kupoteza shamba pamoja na yote uliyolipa, na deni lake la benki linaweza kuliangukia shamba hilo. Ukilazimika, mpe wakili wako mkataba ausome kabla ya kusaini, uandikishwe katika ofisi ya kaunti, na kila risiti uitunze.